Moshi wa Usiku Hauendi Mbali

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Muumba wa usiku na mchana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Juma hili tunajibu swali ambalo akina mama na wazee wetu wamekuwa wakituuliza mara kwa mara: je, si afadhali taka zichomwe usiku, baada ya swala ya Isha, watu wakiwa wamekwishaingia ndani? Wanaouliza wana hoja. Mchana watoto wako uani, nguo zimeanikwa na wapita njia ni wengi. Usiku njia ni tupu, na asubuhi hubaki jivu tu. Tena wengi wetu tunaamini kwamba moshi uliopaa gizani umekwenda zake juu, na jambo limekwisha.

Jibu letu ni kwamba kuchoma taka za plastiki hakufai wakati wowote, lakini anayechagua usiku kwa nia ya kuwahurumia majirani huwaongezea madhara. Sababu zake ziko katika maumbile ya hewa yenyewe. Tumeona tuzieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa mtu aliyejua sababu ya jambo hulifuata kwa moyo mkunjufu kuliko aliyeamrishwa tu.

Dari lisiloonekana

Jua linapochomoza, ardhi hupata joto na kuipasha hewa inayoigusa. Hewa hiyo huwa nyepesi, hupanda, na nyingine hushuka kuchukua nafasi yake. Mchana wa jua kali, hewa ya chini huchanganyika namna hiyo mpaka kimo cha kilomita 1 au zaidi. Moshi wa jiko moja humezwa na nafasi hiyo kubwa, ukawa haba.

Jua likitua mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa ya baridi, ambayo ni nzito, hulala chini, na hewa yenye joto hukaa juu yake mfano wa dari. Katika usiku mtulivu usio na mawingu, dari hilo laweza kuwa mita 100 au 200 tu juu ya vichwa vyetu, na pengine chini ya hapo. Hesabu yake ni nyepesi: moshi ambao mchana ungetawanyika katika kimo cha mita 1,000, ukibanwa ndani ya mita 100 huwa mzito mara kumi. Anayetoka nyumbani kwenda swala ya Alfajiri hulishuhudia jambo hili kwa macho yake. Huuona moshi umetanda juu ya mapaa kama shuka, haupandi wala hautawanyiki. Moshi huo ni wa moto wa jana.

Kwa sisi tunaokaa pwani kuna jambo la ziada. Mchana upepo hutoka baharini kuja nchi kavu. Usiku huvuma umande, upepo wa nchi kavu uendao baharini, ambao mabaharia wa majahazi wameujua tangu enzi na enzi na kuutumia kutokea bandarini. Upepo huu kwa kawaida ni dhaifu. Huuburura moshi polepole baina ya nyumba za watu waliolala, na sehemu ya kile ulichokipeleka baharini yaweza kurudishwa kesho yake na upepo wa mchana.

Mfagiaji wa mchana

Allah (s.w.) hakuiacha hewa bila ya chombo cha kuisafisha. Kama isingekuwa hivyo, gesi zote zilizotoka katika moto, vinamasi, misitu na viwanda zingekuwa zinalundikana tu. Kazi kubwa ya usafi huo hufanywa na chembe ndogo mno ambazo wanakemia huziita radikali. Radikali ni chembe yenye elektroni moja iliyokosa mwenzake. Mfikirie mtu aliyetoka msikitini akakuta ndara yake moja tu. Hatulii mpaka apate ya pili, na akiitwaa ya mtu mwingine, huyo naye huanza kutafuta. Ndivyo radikali zinavyokwenda kwa gesi moja baada ya nyingine, zikizivunja na kuzigeuza. Mgeuzo huo huitwa kuoksidika, na ni wa jamii moja na ule unaokifanya chuma kishike kutu.

Radikali kuu ya mchana inaitwa haidroksili. Huzaliwa pale miale mikali ya jua inapoivunja ozoni, na kipande cha oksijeni kilichotoka humo kikakutana na mvuke wa maji. Katika hewa ya mjini huishi chini ya sekunde moja, lakini kwa kuwa huzaliwa upya muda wote wa jua, huweza kuziondoa gesi nyingi zenye sumu. Baadhi huondolewa kwa saa chache, nyingine kwa miezi. Methani, ambayo ni ngumu kuvunjika, huchukua takriban miaka 10.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mfagiaji huyu anategemea jua. Magharibi ikiingia, kuzaliwa kwake hukaribia kusimama. Hapo ndipo linapokuja swali la nani anayeshika zamu.

Zamu ya usiku

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kemia ya hewa ya chini hulala pamoja na jua. Katika mji wa Los Angeles, Marekani, mwanasayansi Arie Haagen-Smit alikuwa amekwishaonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba ukungu mchungu wa mji ule ulipikwa na mwanga wa jua kutokana na moshi wa magari na viwanda. Macho ya watafiti yakaelekea mchana. Baadaye wengine walianza kumulika mwali wa taa usiku kukatisha kilomita kadhaa za hewa, kisha wakachunguza ni rangi zipi zimepungua katika mwanga uliofika ng'ambo. Waliona sehemu ya rangi nyekundu imemezwa, mahali hasa ambapo radikali moja iitwayo nitrati hujulikana kumeza. Mwaka 1980 zilichapishwa taarifa za vipimo vya kwanza vya radikali hiyo katika tabaka la chini la hewa, zikiwemo za eneo la Los Angeles.

Radikali ya nitrati huundwa na gesi mbili. Ya kwanza ni nitrojeni dioksidi, itokanayo na injini na moto. Ya pili ni ozoni iliyobaki kutoka mchana. Muungano wao hutokea hata adhuhuri, lakini mwanga wa jua huivunja nitrati hiyo katika muda wa sekunde chache. Giza likiingia huweza kuishi dakika kadhaa, ikaanza kuzishambulia gesi zinazotoka kwenye miti na zile zinazotoka kwenye kuni na majani yanayoungua. Basi usiku nao una mfanyakazi wake. Mwenye kuufikiri mpango huu hawezi ila kumtukuza aliyeupanga.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba jibu la swali letu limepatikana, kuwa moshi wa usiku nao utasafishwa. Mfanyakazi huyu ana mipaka, na mipaka yake ndiyo inayotugusa.

Mipaka mitatu

Mpaka wa kwanza ni wa mahali. Moshi mbichi wa injini una gesi ya nitrojeni oksidi, nayo ikikutana na radikali ya nitrati huimaliza papo hapo, tena huila na ozoni ambayo ingezaa nyingine. Kwa hiyo kando ya barabara yenye magari, au nyuma ya jenereta inayonguruma dirishani, mfagiaji wa usiku huangamizwa kabla ya kushika ufagio. Hupatikana kwa wingi zaidi mita kadhaa juu, mbali na mabomba ya moshi. Sisi tumelala chini. Kwa maneno mengine, pale tunapovuta pumzi ndipo usafi wa usiku ulipo mdogo.

Mpaka wa pili ni kwamba kuna sumu ambazo haizigusi. Kubwa kati ya hizo ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mkaa na jenereta. Radikali ya nitrati haina nguvu ya maana juu yake. Haidroksili ya mchana huweza kuiondoa, lakini kwa wiki kadhaa, na huko nje angani. Ndani ya chumba kilichofungwa hakuna wa kuiondoa ila mlango na dirisha. Gesi hii hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala huzidi kulala, na hapati hata nafasi ya kukohoa.

Mpaka wa tatu ndio unaosahauliwa kuliko yote: kugeuzwa si kutoweka. Moshi wa kuni na majani una gesi za jamii ya fenoli. Radikali ya nitrati huzivamia upesi sana na kuzigeuza kuwa nitrofenoli, ambazo baadhi yake ni sumu, na ambazo huingia katika vumbi laini la moshi na kulipa rangi ya hudhurungi. Gesi nyingine ya usiku, itokanayo na nitrati hiyo hiyo, hugusana na chembe zenye unyevu na kuzaa asidi ya nitriki, na kutokana na asidi hiyo huweza kuundwa vumbi laini zaidi. Ikigusana na chembe za chumvi ya bahari huzaa gesi yenye klorini, ambayo hukaa kimya mpaka jua lichomoze. Mwanga ukiipata, huachia klorini ambayo huanzisha mapema uzalishaji wa ozoni ya siku mpya. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa melini karibu na Houston, katika pwani ya Texas, waliipima gesi hiyo usiku. Viambato vyake, yaani moshi wa injini, ozoni na chumvi ya bahari, hupatikana katika kila mji wa pwani wenye magari. Hivyo deni la usiku hulipwa asubuhi, na wanaolilipa ni watoto wanaokwenda shule na madrasa.

Vumbi hilo laini ndilo linalotisha madaktari. Chembe zake hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikaingia katika damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka 5. Tukisoma idadi hiyo tusione tarakimu tu. Kila mmoja katika hao alikuwa na mama.

Sharia inavyoliangalia jambo hili

Hatusemi kwamba Qur'ani Tukufu imeteremshwa ili itufundishe kemia. Imeteremshwa kuwa uongofu, na katika uongofu wake imeutaja usiku, ndani ya Suratun-Nabaa, kuwa ni vazi kwa wanadamu. Vazi ni stara na mapumziko. Anayeutumia usiku kuficha uchafu anaotaka usionekane, amelifanya vazi la watu kuwa jalala.

Ama kuhusu moto, tunayo mafundisho ya wazi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari, aliueleza moto kuwa ni adui na akaagiza uzimwe watu wanapokwenda kulala. Wanazuoni wameeleza hekima ya agizo hilo kwa kuhofia kuungua. Sisi leo, tunaojua habari ya kaboni monoksidi, tunaona hekima hiyo ikiwa pana zaidi: moto huweza kuua bila hata ya kuunguza mkeka.

Vilevile ni maarufu katika hadithi sahihi kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi alitakiwa ajitenge na msikiti, kwa kuwa harufu yake huwaudhi wengine. Saumu ni chakula cha halali, na harufu yake haimtoi mtu roho. Ikiwa udhia mdogo kiasi hicho umewekewa adabu, vipi kuhusu moshi wa chupa za plastiki unaoingia katika safu za wanaoswali, na katika kifua cha jirani mwenye pumu?

Mafakihi wetu hawakuliacha jambo hili katika nasaha tu. Kuondoa madhara ni moja ya kanuni kuu tano za fiqhi, ambazo Imamu Al-Suyuti, mwanazuoni wa madhhabi ya Shafi, amezifafanua katika kitabu chake Al-Ashbah wan-Nadhair. Katika madhhabi ya Maliki, Ibn al-Rami, fundi mjenzi wa Tunis aliyeishi mpaka karne ya 14, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na ndani yake moshi wa mahamamu na matanuri umehesabiwa miongoni mwa madhara ambayo jirani ana haki ya kuyazuia. Madhhabi zimetofautiana katika mipaka ya mtu kuitumia milki yake, lakini hakuna mwanazuoni aliyesema kwamba pumzi ya jirani si amana.

Tuanze na vyumba vyetu

Kwanza, jiko la mkaa lisilale ndani pamoja na watu. Liwashwe nje, na likimaliza kazi yake lizimwe kwa mchanga au maji na kubaki nje. Tunasisitiza hasa kuhusu chumba cha mzazi katika zile siku 40. Desturi ya kumpasha joto mama aliyejifungua ni ya huruma, na huruma hiyo ikamilishwe kwa maji ya moto na mablanketi, pasiwepo makaa katika chumba kilichofungwa chenye kichanga. Akina bibi, ambao ndio wenye kauli katika chumba hicho, tunawaomba walibebe jambo hili. Hata udi na ubani vifukizwe dirisha likiwa wazi, na chetezo kitolewe kabla ya kulala.

Pili, hatumlaumu mama anayepikia mkaa au kuni kwa kuwa hana uwezo wa kingine. Yeye ndiye wa kwanza kudhurika. Serikali ya Tanzania imejiwekea, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini mwenye uwezo asingoje mwaka huo. Anayetafuta sadaka yenye kuendelea amfikirie jirani, shangazi au mjane wa mtaani, amnunulie mtungi wa gesi na jiko lake. Kila chungu kitakachopikwa bila moshi kitakuwa na sehemu yake ya thawabu, Insha Allah.

Na misikiti yetu

Misikiti inayofuturisha hutoa taka nyingi kwa usiku mmoja: sahani na vikombe vya kutupa, chupa za maji, mifuko. Kamati nyingi hujikuta saa nne za usiku zikiwa na lundo, na kiberiti kiko karibu. Dawa ya lundo hilo ni kulizuia lisizaliwe. Sinia, vikombe vya bati na mitungi ya maji vilituhudumia zamani, na vijana wa kuviosha tunao. Chupa zitengwe kwa wanaozikusanya na kuziuza. Mabaki ya chakula yapelekwe kwa wafugaji au yafukiwe yawe mbolea. Kitakachobaki kifungwe kingoje gari la taka, na gharama yake iingizwe katika bajeti ya msikiti kama ilivyoingizwa ya umeme na maji. Mahali ambapo gari halifiki, kamati za misikiti ziende kwa serikali ya mtaa kwa pamoja, kwa kuwa sauti ya jamaa husikika kuliko ya mtu mmoja.

Jenereta nayo iwekewe utaratibu. Ikae nje, mbali na madirisha, bomba lake lisielekee upande wa akina mama wala madrasa, na izimwe mara ibada inapokwisha. Baada ya haya tuliyoyaeleza, msomaji amekwishajua kwamba moshi wake una sumu, na zaidi ya hapo huua kile ambacho kingesaidia kuisafisha hewa ya usiku.

Na jirani anayechoma taka usiku tusimwendee kwa ukali. Yawezekana anafanya hivyo kwa kudhani kwamba anatustahi. Aelezwe habari ya dari lililoshuka, na aulizwe kama kuna mtoto mwenye kifua nyumbani mwake. Mara nyingi yuko.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe watu ambao majirani zetu wamesalimika na mikono yetu, ndimi zetu na moshi wetu, na awape shifaa wagonjwa wote wa kifua katika umma huu. Wabillahi tawfiq.